Nani Atamfuata Mgonjwa wa Akili Hadi Bomani?

Barabara kuu inayotoka Kisii kuelekea mpaka wa Isebania hupita Rongo, Awendo, kisha Uriri, kabla haijaingia mji wa Migori. Huku Kanyamkago, ndani ya Uriri, ni nchi ya miwa na mahindi, na tumbaku ingalipo hapa na pale. Kijana wa boma fulani akianza kusikia sauti zisizosikiwa na wenzake, wazazi wake hawakosi pa kwenda. Yupo ajuoga, yaani mganga, atakayeeleza ni nani aliyeituma shari hiyo. Wapo wachungaji wa kesha na maombi. Wapo waumini wa kanisa la Legio Maria, ambao mahali pao patakatifu, Got Kwer, pako humu humu kaunti ya Migori. Ipo hospitali ya rufaa ya kaunti pale Migori mjini, ipo ya Kisii, na mambo yakichacha kabisa ipo hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, safari ya kutwa nzima kwa basi. Familia nyingi huzipita njia hizi zote, na wengine hubeba chupa ya mganga na vidonge vya hospitali katika mfuko mmoja.

Wanaoandika kuhusu afya ya akili vijijini hupenda kuuliza kwa nini watu humtanguliza mganga. Nimelichoka swali hilo. Linamgeuza mwanakijiji kuwa kizuizi cha tiba, kana kwamba tiba ilikuwa mlangoni ikibisha naye akakataa kufungua. Swali zito zaidi ni la mwezi wa pili. Kijana amepelekwa hospitalini, amedungwa sindano, ametulia, amerudi nyumbani na bahasha ya vidonge. Vidonge vikiisha, nani anajua kwamba vimeisha? Asipoonekana kliniki, nani anatoka kumtafuta?

Ili kuelewa kwa nini hakuna mwenye jibu, inafaa kuanzia Mathari. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaondoa wendawazimu machoni pa mji mpya wa Nairobi. Mwaka 1938 ilikabidhiwa J. C. Carothers, daktari wa serikali ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Huyo ndiye aliyekuja kuandika, katika chapisho la Shirika la Afya Duniani la 1953, kwamba ubongo wa Mwafrika hutenda kazi kama wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na kwamba sonona ni adimu miongoni mwetu. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilimtumia kueleza Mau Mau kana kwamba ni maradhi. Leo mzee wa Uriri akikwambia kwamba sonona ni ugonjwa wa wazungu, huenda anadhani anatetea desturi. Kumbe wazungu wenyewe ndio walioieneza hadithi hiyo kwa mhuri wa sayansi.

Utafiti uliofanywa jirani zetu wa Maseno, kaunti ya Kisumu, ulimjibu Carothers bila kumtaja. Mwaka 2004, na tena 2013, takriban mtu mzima mmoja kati ya kumi alikutwa na dalili za sonona au wasiwasi uliopita kiasi. Kiwango hicho hakipishani sana na cha nchi nyingine za dunia. Tofauti iko kwenye wahudumu. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya 2017 ilihesabu madaktari 92 wa magonjwa ya akili nchini Kenya, na wauguzi 327 wa fani hiyo, na ikaonyesha kuwa kati ya hospitali 284 za ngazi ya nne kwenda juu, ni 29 tu zilizotoa huduma ya afya ya akili. Madaktari wameongezeka kiasi tangu hapo, lakini wengi wao wako Nairobi na miji mikubwa.

Mfumo wa namna hii una tabia yake: unamngoja mgonjwa awe hatari. Mwenye huzuni nzito haumwoni. Anayeongea peke yake sokoni Oyani bila kumgusa mtu haumwoni pia. Huzinduka siku kijana anapovunja dirisha la kanisa au kumpiga baba yake, na hapo anayeitwa kwanza ni chifu au polisi. Mgonjwa hufika hospitalini amefungwa kamba nyuma ya gari la probox, na kijiji kizima kinajifunza kwamba hospitali ya akili ni ndugu ya rumande.

Sasa nirudi kwa imani, kwa kuwa siwezi kuiruka. Wajaluo wamekuwa na maelezo mengi ya mtu kuchanganyikiwa, na si yote yanayoongoza njia moja. Kuna juogi, pepo wanaompanda mtu, ambao pengine humfanya awe mganga badala ya mgonjwa. Kuna uchawi wa jirani mwenye kijicho. Kuna laana ya mzazi. Kanisa la Legio Maria, lililoanzishwa mapema miaka ya 1960 na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, lilipata nguvu zake nyingi hasa kwa kufukuza pepo na kuwaponya watu bila malipo ya mbuzi na kuku ambayo waganga walidai. Lilikuwa, kwa namna yake, mageuzi ya huduma ya afya ya akili: nafuu zaidi, karibu zaidi, na lenye waumini wanaokuja kukuona tena wiki inayofuata. Grace Ogot aliijua vizuri mizani hii. Alikuwa muuguzi na mkunga aliyefunzwa Mengo, Uganda, na baadaye Uingereza, na bado katika riwaya yake ya 1966, *The Promised Land*, mgonjwa anayeshindikana kwa daktari Mzungu hupata nafuu kwa mganga. Aliyeyaandika hayo alikuwa ameishi ndani ya wadi.

Kinachonishangaza ni kwamba mjadala huu wote tumeshawahi kuupitia katika eneo hili hili, kwa ugonjwa mwingine, na tumeusahau.

UKIMWI ulipoingia Nyanza Kusini, wengi waliusoma kama chira. Mtu aliyekonda, akaharisha, akafa, alisemwa kuwa yeye au jamaa yake amevunja miiko ya boma: amejenga kabla ya kaka yake mkubwa, amepanda kabla ya wazazi, amekwepa yale yanayompasa mjane. Dawa ya chira ilikuwa mitishamba na kurekebisha kilichovunjwa. Hospitali ilionekana haina msaada, na kusema kweli miaka ile haikuwa nao. Kisha mwaka 2001 shirika la Médecins Sans Frontières lilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo katika hospitali ya Homa Bay, mahali pa kwanza kwa hospitali ya umma nchini kufanya hivyo. Baadaye zikaja fedha za Marekani kupitia mpango wa PEPFAR. Ndhiwa, inayopakana na Uriri, utafiti wa 2012 ulikuta watu wazima 24 kati ya 100 wakiishi na virusi. Hao ni majirani, si takwimu tu, na wengi wao wako hai leo kwa sababu wanameza dawa kila siku.

Je, chira ilikufa? Hapana. Ukihudhuria kikao cha familia huku, bado utasikia ikitajwa. Watu walianza kumeza dawa wakiwa wangali wanaiamini chira, na wapo wanaoziheshimu zote mbili hadi leo bila kuona mgongano wowote. Hakuna aliyengoja kwanza wakazi wa Nyanza Kusini wabadilishe falsafa yao ya maradhi. Zilizobadilika zilikuwa taratibu. Mgonjwa alipewa kadi yenye tarehe ya kurudi. Asiporudi, jina lake lilitoka kwenye rejista, akapigiwa simu, na asipopatikana mtu alitumwa hadi kwake. Alitakiwa kuja na jamaa atakayemkumbusha dawa. Akina mama waliokwisha kupitia hali hiyo walipewa kazi ya kuwashika mkono wenzao wajawazito. Vikundi viliundwa ambamo mmoja huenda kliniki kuchukua dawa za wenzake, ili wote wasilipe nauli. Wengine walipewa dawa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Haya yote si utabibu wa hali ya juu. Ni kazi ya ukarani, ya miguu na ya ujirani.

Linganisha na mgonjwa wa skizofrenia wa kijiji hicho hicho. Ugonjwa wake pia ni wa maisha. Dawa zake ni za zamani na bei yake si kubwa: klopromazini ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952, haloperidoli muda mfupi baadaye, na sindano ya flufenazini hudungwa takriban mara moja kwa mwezi na haihitaji kuwekwa kwenye friji. Lakini hana rejista ya kumtafuta. Akikosa tarehe, kliniki huhesabu kwamba foleni imepungua. Dawa zikikosekana kwenye bohari, huambiwa akanunue duka la dawa mjini. Na madhara ya dawa yenyewe, shingo kukakamaa, ulimi kuwa mzito, kunenepa, kulala mchana kutwa, hakuna aliyemweleza mama yake kwamba yanaweza kupunguzwa. Mama huona mwanawe amegeuka gogo, naye huacha kumpa vidonge kwa huruma. Kisha sauti zinarudi, na majirani wanasema: mnaona, hospitali imeshindwa.

Ulinganisho huu una mipaka yake, na mwenye kuupinga ana hoja. Virusi hupimwa kwa damu, ilhali hakuna kipimo cha damu cha kumthibitishia mtu kwamba sauti anazosikia ni ugonjwa. Mwenye virusi aliyepimwa anajua anaumwa, lakini mwenye skizofrenia mara nyingi haamini hivyo, na kumfuata nyumbani kunaweza kumtia hofu zaidi. Tena UKIMWI ulikuwa na mabilioni ya dola nyuma yake, na afya ya akili haina mfadhili wa aina hiyo. Nakubali. Hata hivyo hoja ya fedha inasema tu kwamba jambo hilo ni ghali. Haisemi kwamba haliwezekani.

Pasipo wa kumfuata mgonjwa, familia hutafuta njia nyingine ya kumweka mahali pamoja. Huku kijana wa kiume hujenga simba, nyumba yake ya ujana, karibu na lango la boma la baba, na simba hiyo, iliyokusudiwa kuwa mwanzo wa utu uzima wake, ndiyo hugeuka kuwa chumba chake cha kufungiwa. Ripoti ya Human Rights Watch ya Oktoba 2020 ilikusanya habari za watu kufungwa minyororo kwa sababu ya ugonjwa wa akili katika nchi takriban 60, na miongoni mwa mahali ilipopaelezea ni kanisa moja la maombi mjini Kisumu. Ni rahisi kumlaani mwenye kufuli. Ni vigumu zaidi kumweleza mama mjane, mwenye miaka sitini, atamzuiaje mwanaume wa miaka ishirini na mitano asikimbilie barabara kuu usiku malori ya miwa yanapopita.

Kuna utafiti wa Ghana uliochapishwa mwaka 2018 ambao kila anayezungumzia minyororo angepaswa kuusoma. Katika kambi ya maombi, watafiti waligawa watu 139 katika makundi mawili: wote waliendelea na maombi ya kawaida, na nusu yao wakapewa pia dawa za hospitali. Waliopata dawa walipungukiwa na dalili waziwazi. Lakini siku walizokaa minyororoni hazikupungua kwa kiasi cha maana. Kumbe mnyororo haukutegemea dalili peke yake. Huenda ulitegemea pia uhaba wa walinzi, mazoea ya mahali, na hofu ya kile kilichotokea mwaka jana. Kwa hiyo kupeleka katoni za dawa Uriri na kudhani milango ya simba itafunguka yenyewe ni kujidanganya.

Kuhusu bangi niseme kidogo, kwani ndiyo jibu la haraka la kila mtu. Kijana akivurugikiwa, husemwa amevuta, na mazungumzo yanaishia hapo. Bangi yaweza kuchochea saikosisi kwa walio na mwelekeo huo, na chang'aa imevunja nyumba nyingi. Lakini lawama hiyo humwondolea kila mtu wajibu: baba hana kosa, kliniki haina kosa, mgonjwa amejitakia. Ajabu ni kwamba zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo hapa hapa Migori kunasia dhahabu ni sumu ya neva inayojulikana tangu zamani, na sijawahi kumsikia mchungaji akiihubiri.

Kifafa kinastahili nafasi yake, ingawa kwa madaktari si ugonjwa wa akili. Kijijini hutiwa kapu moja na wazimu, na vituoni hutibiwa katika kliniki hizo hizo. Mtoto huondolewa shule, kwani wenzake wanaogopa kwamba povu lake litawaambukiza. Akiangukia jikoni huungua, kwa kuwa walio karibu wanaogopa kumshika. Sehemu kubwa ya mzigo huu inazuilika. Malaria kali huacha makovu kwenye ubongo wa mtoto, nasi tuko ukanda wa ziwa ambako malaria haina msimu. Mayai ya tegu wa nguruwe yakimezwa huweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa, na utafiti wa nguruwe wanaozurura uliochapishwa mwaka 2012 uliwakuta wengi wa Homa Bay wameambukizwa. Choo bora, nguruwe aliyefungiwa bandani, chandarua: haya hayamo katika ripoti yoyote ya afya ya akili niliyosoma, na yangeokoa akili nyingi. Fenobabitoni, dawa ya 1912, huzuia degedege kwa bei ndogo, mradi imezwe kila siku bila kukatizwa. Tumerudi pale pale kwa yule wa kukumbusha.

Kwa sonona, habari ni njema kuliko watu wanavyodhani. Kisumu, tiba ya mazungumzo iliyotolewa na watu wasio madaktari wa akili imejaribiwa kwa wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliowahi kupigwa na kudhulumiwa, na ikawasaidia. Viungani mwa Nairobi, jaribio lililochapishwa mwaka 2017 lilihusisha wanawake 421, na waliowahudumia walikuwa wahudumu wa afya wa mtaani waliofunzwa kuendesha vikao vitano tu vya kutatua matatizo na kutuliza mwili. Wagonjwa walio wengi vijijini ni wa kundi hili, la mawazo mazito, usingizi uliokimbia, kifua kinachobana, malipo ya miwa yaliyochelewa kiwandani, mume asiyerudi. Hawahitaji Mathari. Wanahitaji mtu aliyefunzwa kukaa nao chini ya mwembe bila haraka, naye akae tena wiki ijayo. Tangu Septemba 2023 serikali imewasajili wahudumu wa afya wa nyanjani zaidi ya 100,000 nchini, wenye simu na mikoba, wanaoingia kila boma. Huuliza kuhusu shinikizo la damu, sukari, mimba na chanjo. Wangeweza kuuliza na hili, mradi posho yao ifike kwa wakati.

Sheria imetangulia mbele ya huduma. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yanazipa kaunti jukumu la kutoa huduma hadi vituo vya msingi, na yanazuia kampuni za bima kumbagua mgonjwa wa akili. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la kufungwa hadi miaka miwili, kinakiuka Katiba. Uamuzi huo una maana kubwa huku kuliko mijini. Familia nyingi zilificha majaribio hayo kwa kumwogopa askari, na pia kwa kuogopa desturi: katika maboma mengi ya Kijaluo mti uliohusika na kifo cha namna hiyo hukatwa na kung'olewa mizizi, na mazishi hufanywa kwa pupa bila heshima za kawaida. Mahakama imemwondoa askari. Desturi iliyobaki haiondolewi na jaji, bali na wazee na makanisa, na baadhi ya wachungaji wameanza kukubali kuwazika watu hao kama wengine.

Kuna jambo la kisheria lisilozungumzwa vya kutosha, nalo ni shamba. Ndugu mwenye ugonjwa wa akili anapokosekana kwenye kikao cha urithi, kipande chake hukodishwa kwa mkulima wa miwa au huingizwa katika hati ya kaka. Sheria inaruhusu mahakama kumteua msimamizi wa mali ya mgonjwa, lakini mara nyingi msimamizi wa kweli ni aliyefika kwanza. Nimewasikia watu wakisema kwa utani mkavu kwamba kuna wazimu unaodumu mpaka hati itoke.

Na waganga je? Makueni, taasisi iliyoanzishwa na Profesa David Ndetei iliwaketisha waganga, wachungaji na wauguzi pamoja, ikawafunza wale wa kwanza kutambua dalili na kuwatuma wagonjwa kituoni. Ni hatua nzuri, nami ningeiunga mkono Uriri, kwa sharti moja: rufaa iende pande zote mbili. Mganga akimtuma mgonjwa hospitalini, naye muuguzi asimrudishie hata ujumbe, mganga ataacha. Lakini sikubaliani na wanaosema waganga ndio suluhisho la uhaba wa madaktari. Wapo wanaopiga, wanaofungisha saumu wagonjwa dhaifu, na wanaotaja jina la mchawi, kisha ajuza mmoja anachomewa nyumba. Ushirikiano usio na masharti ni serikali kujitoa kazini.

Mwisho ni fedha, na hapa mambo yamegeuka vibaya. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na wahudumu wengi wa programu za UKIMWI katika kaunti za ziwa wakapoteza kazi, wakiwemo wale wa kuwatafuta wagonjwa waliokosa tarehe. Mtandao niliousifu hapo juu, ambao ungeweza kubebeshwa pia wagonjwa wa akili na kifafa, umeanza kuchanika kabla haujatumiwa. Bima mpya ya afya, SHA, iliyoanza Oktoba 2024, ilianza kwa kumtaka mkulima alipe michango ya mwaka kwa mkupuo, wakati malipo yake ya miwa hayana tarehe. Huduma za vituo vya chini zimeahidiwa bila malipo, lakini vituo hivyo ndivyo vinavyokosa muuguzi wa akili. Bunge la kaunti ya Migori likitaka kuanza na kitu kidogo, lingeanza na rejista moja kwa kila kituo cha afya cha Uriri yenye majina ya wanaodungwa sindano ya mwezi na wanaomeza dawa za kifafa, na nauli ya bodaboda kwa mtu mmoja wa kuwafuata wasiofika. Bajeti ya hilo huenda ikawa ndogo kuliko ya semina moja ya kuhamasisha umma hotelini Kisumu.